Pima Kabla Hujang'oa Injini

Ukitoka Embu kwenda Meru, ukapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, lazima utapishana na Corolla 110 au pikapu ya Peugeot 504. Ni magari ya zamani, lakini bado yana kazi. Yanabeba maziwa, mbolea, miche ya kahawa na jamaa wanaokwenda mazishini. Na karibu kila mwenye gari la aina hii hufika siku akajikuta na swali moja: injini hii tuiunde upya, au tuing'oe tutie nyingine ya kutoka Japani?

Swali hilo hujibiwa haraka mno. Fundi anafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, anaona moshi ukipanda, anatikisa kichwa: "Hii imeisha, leta nyingine." Mimi sipingi kubadilisha injini. Ninapinga kubadilisha bila kupima. Injini ikifa, kuna kilichoiua, na mara nyingi kilichoiua hakitoki pamoja nayo. Kinabaki garini: rejeta iliyoziba, mpira wa hewa uliopasuka baada ya kichujio, feni isiyowaka. Injini mpya inatiwa, na baada ya miezi kadhaa inakula oili kama ile ya kwanza.

Kipimo cha kwanza ni cha mgandamizo, na hiki unaweza kukifanya nyumbani. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, ondoa umeme wa plagi na zuia petroli isiingie. Funga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, mtu akanyage kanyagio la mafuta hadi chini, kisha zungusha kwa stata mpaka mshale usimame. Fanya hivyo kwa silinda zote na uandike. Injini ya Toyota 5A, ile iliyomo katika Corolla 110 nyingi, ikiwa nzima hutoa takriban pauni 190 kwa inchi ya mraba.

Hapo ndipo watu wengi wa huku kwetu huhukumu injini nzima kuwa mbovu. Namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Mji wa Meru uko zaidi ya mita 1,500 juu, na Embu haiko nyuma sana. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na silinda haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuingia. Kwa hiyo injini nzima ikipimwa Meru mjini itasoma karibu 160. Nimeona mtu akiambiwa anunue injini kwa sababu ya 155 zilizolingana katika silinda zote nne. Hiyo si injini ya kung'olewa.

Tazama usawa kuliko ukubwa. Silinda tatu zikiwa 155 na moja 90, una tatizo la mahali pamoja. Mimina kijiko cha oili katika tundu la plagi la hiyo iliyo chini, upime tena. Mshale ukipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika, maana oili imeziba mwanya kwa muda. Usipopanda, angalia vali au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi iliyochomeka katikati yao; kazi hiyo ni ya hedi peke yake, wala huna haja ya kugusa pistoni.

Sasa kilichoiua. Katika nyanda hizi mshukiwa wangu wa kwanza ni maji. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu nyuzi moja. Meru mjini yanachemka karibu nyuzi 95, na ukipanda Timau kuelekea Nanyuki ni karibu 92. Feni nyingi za umeme huwaka injini ikishapita nyuzi 90. Maana yake, gari lenye kifuniko cha rejeta kilicholegea, kisichoshika presha, linaweza kuanza kuchemka mlimani wakati feni ndiyo kwanza inawaka. Kifuniko kizima hushika presha inayoinua kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Kwa bei yake, hakuna kipuri kinacholinda injini kuliko hicho, na hakuna kinachodharauliwa kama hicho.

Kisha kuna desturi ya kung'oa themostati "ili gari lisichemke". Naisikia kila mahali na inanisikitisha. Injini isiyo na themostati asubuhi ya baridi kule Timau hukimbia kilomita nyingi bila kufikia joto lake. Petroli inatiwa kwa wingi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika zikiwa kavu. Ikiwa gari linachemka lenye themostati nzima, tafuta rejeta, pampu ya maji, feni au gasketi. Na usijaze maji ya mtoni miaka nenda miaka rudi. Tumia kulanti, kwa sababu kutu ya ndani ya bloku ndiyo inayoziba rejeta.

Mshukiwa wa pili ni vumbi. Barabara za murami za Igembe, Tharaka na Mbeere zina vumbi laini kama unga, na chembe zake zikipita kichujio hukwaruza silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Toa mpira mkubwa wa hewa, upitishe kidole ndani yake, upande wa baada ya kichujio. Kidole kikitoka na vumbi, umepata jibu.

Ukishajua hayo, uamuzi wa kuunda upya hutegemea injini yenyewe. Peugeot 504 ina sifa kubwa Kenya, na haikuipata kwa ushindi wa Safari Rally wa 1975 na 1978 peke yake. Silinda zake ni mikono ya chuma inayotoka, iliyozungukwa na maji. Zikilika, unanunua seti ya mikono na pistoni, unatoa ya zamani na kutia mipya bila kupeleka bloku kuchongwa. Ndiyo maana imeundwa upya chini ya miti mingi hivi. Lakini ina masharti yake. Ukiinua hedi na hukukusudia kubadilisha mikono, usizungushe krenki kabla hujaibana mikono hiyo, kwani inaweza kunyanyuka, mihuri ya chini ikaharibika, na maji yakaanza kushuka kwenye oili. Na mikono mipya lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kidogo sana, kwa kipimo cha kitabu, tena kwa usawa. Ikizama, gasketi haitadumu.

Injini ya 5A ina bloku ya chuma cha kutupwa. Inachongwa, pistoni za saizi ya juu zinatiwa, inarudi kazini. Ile ya Probox, 1NZ, ni jambo jingine: bloku ni ya alumini na kuta zake ni mikono myembamba ya chuma iliyotupwa pamoja nayo, haikukusudiwa kuchongwa. Ikiwa silinda za Probox la miraa zimelika kweli, kutia injini nyingine ni busara.

Nyumbani unaweza kufungua, kusafisha, kupima na kufunga. Kuchonga silinda, kunyoosha uso wa hedi na kusaga krenki ni kazi ya mashine, na karakana za kazi hiyo zipo. Nenda huko na vipimo vyako. Sukuma ringi moja ndani ya silinda, ilalishe sawa kwa kichwa cha pistoni, upime pengo lake kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa silinda ya 5A yenye upana wa milimita 78.7, ringi mpya huwa na pengo la karibu theluthi moja ya milimita. Pengo likikaribia milimita nzima, ukuta umekwisha na ringi mpya pekee hazitasaidia. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari. Fila ya milimita 0.05 ikipita chini yake, hedi imepinda na itachoma gasketi mpya pia.

Bloku ikirudi kutoka kwenye mashine, ioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi, hata ukiambiwa imeshaoshwa. Unga wa kuchongea hujificha kwenye mikwaruzo midogo, wala petroli haiutoi. Futa ukuta wa silinda kwa kitambaa cheupe, osha tena, futa tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapo hapo paka oili, maana chuma kitupu hupata kutu kabla hujamaliza chai.

Kuhusu kuinua: injini hata ya gari dogo ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na nimeona cheni bloki zikining'inizwa kwenye tawi la mgrevilea. Mti huo unajulikana kwa matawi yanayokatika ghafla. Simamisha nguzo tatu imara zilizofungwa juu, na asiwepo mtu chini ya injini inayoning'inia, hata kwa kuokota nati.

Ukiamua kununua ya Japani, kumbuka umri wake. KEBS, shirika la viwango, hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, ilhali Corolla 110 ni za miaka ya 1990. Injini ya 5A unayoambiwa ni "mpya kutoka Japani" imeshafikisha umri wa kijana aliyemaliza chuo. Ipime mgandamizo papo hapo dukani, fungua kifuniko cha oili utazame kama ndani kuna tope jeusi, na ununue pamoja nayo waya zake na kompyuta yake, kwa sababu kuunganisha waya za injini moja na kompyuta ya nyingine hula siku na pesa kuliko kazi yote ya spana. Kabla haijaingia garini badilisha taimingi belti, pampu ya maji, muhuri wa nyuma wa krenki na sahani ya klachi. Sasa hivi vinafikika kwa mkono. Injini ikishafungwa, kila kimoja ni siku nzima. Ukitia yenye nguvu zaidi, boresha breki pia. Mteremko wa Nithi, katika barabara hii ya Embu hadi Meru, umeua watu wengi, na mwaka 2022 basi lilitumbukia hapo darajani wakafa zaidi ya 30.

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ikibadilika, ijulishe NTSA, mamlaka ya usafiri, ili rekodi irekebishwe, na uitake risiti pamoja na karatasi za kuingiza injini nchini siku ile ile ya kununua. Bila hizo utapata taabu siku ya kuuza gari, au siku ya ajali utakapodai bima.

Injini iliyoundwa upya, kabla ya kuwashwa, izungushe kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime, ili beringi zisianze kazi zikiwa kavu. Kisha ringi mpya zinahitaji kuzoea kuta. Barabara ya Embu hadi Chuka inafaa sana kwa hilo. Panda kwa nguvu ya kadiri, usiikimbize wala usiivute kwa gia kubwa, halafu teremka ukiwa umeachia mafuta, gia ikiwa ndani. Kupanda hukandamiza ringi ukutani, na kuteremka hivyo huvuta oili kuzipoza. Kilomita 500 zikifika mwaga oili ile kwenye dumu, si kwenye mfereji unaoelekea mto Rupingazi au Kathita, kisha kata kichujio cha oili cha zamani kwa msumeno wa chuma na ukunjue karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini inayojizoesha. Ukiona vipande vinavyong'aa kwa rangi ya shaba, hizo ni beringi. Fungua sampu wiki hiyo hiyo, krenki ikiwa bado inaokoleka.