Wataka kujitolea hospitalini kabla ya kusomea udaktari? Soma haya kwanza

KILA mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, vijana huja na swali moja: “Daktari, nataka kusomea udaktari. Nitapataje nafasi ya kujitolea hospitalini huku nikingoja kuingia chuo kikuu?” Baadhi yao huwa wameandika barua tatu au nne bila kujibiwa hata moja.

Kabla ya kujibu, kuna dhana moja inayofaa kuondolewa. Nchini Marekani, kijana husomea kwanza digrii ya miaka minne hivi, ndipo aombe kuingia chuo cha udaktari kwa miaka mingine minne. Huko, muda aliojitolea hospitalini huangaliwa sana anapochaguliwa. Hapa Kenya mambo ni tofauti. Kijana huweza kuingia kozi ya udaktari moja kwa moja kutoka sekondari, na KUCCPS, ambayo hugawa nafasi za vyuo, hutazama alama za mtihani. Ujitolee mwaka mzima, B yako haitageuka kuwa A.

Faida ni nini basi? Faida ni kujijua. Masomo ya udaktari huchukua miaka sita hivi, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini. Ni heri kijana agundue katika wiki ya pili wodini kwamba kazi hii imemshinda, kuliko agundue akiwa mwaka wa nne, mzazi ameshauza shamba.

Kwa nini nafasi ni chache

Wodi moja ya hospitali kubwa huwa na wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi, wa maabara na wa maafisa wa kliniki, wote wakitaka kujifunza kwa mgonjwa yule yule. Kila mtu anayeongezwa humo anahitaji wa kumsimamia, na muuguzi mmoja huenda akawa na wagonjwa wengi ajabu. Kwa hivyo msimamizi anaposoma barua yako, hajiulizi kama una akili darasani. Anajiuliza: huyu atatupunguzia kazi au atatuongezea?

Barua yako iwe jibu la swali hilo.

Barua ya maombi

Tangu 2013 hospitali nyingi za umma zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Mwandikie msimamizi wa hospitali yenyewe, usipeleke barua makao makuu ya wizara Nairobi. Ukurasa mmoja watosha. Usianze kwa kusema umependa udaktari tangu utotoni, kwani karibu kila mwombaji huandika hivyo. Eleza mambo haya:

• Siku na saa utakazofika, na kwa miezi mingapi. Anayeahidi asubuhi mbili kwa wiki kwa miezi minne, na akatimiza, ni bora kuliko anayeahidi kila siku kisha akatoweka.

• Kazi unayoweza kufanya leo: kupanga faili, kuelekeza wagonjwa, kusukuma machela, kutumia kompyuta.

• Lugha unazozijua. Bibi anayezungumza Kigiriama au Kipokot pekee hufurahi sana kumpata mtu wa kumwelekeza. Ukijua lugha ya ishara, iandike juu kabisa.

• Jina la mwalimu au kiongozi anayekujua vyema.

Ambatisha nakala za vyeti vyako. Ikiwa hujatimiza miaka 18, weka barua ya idhini ya mzazi. Baadhi ya hospitali huomba cheti cha tabia njema cha polisi, nacho huchukua muda, hivyo kianze mapema. Usimpe mtu yeyote pesa za kukutafutia nafasi. Malipo halali hulipwa katika ofisi ya hospitali na hutolewa risiti.

Mahojiano

Ukiitwa, usitarajie maswali ya biolojia. Nitatoa mifano miwili.

“Mgonjwa anakuomba maji ya kunywa. Utafanya nini?” Vijana wengi husema watampa mara moja, na wanasema hivyo kwa huruma. Jibu sahihi ni kumwuliza muuguzi kwanza. Huenda mgonjwa huyo anangoja upasuaji. Akitiwa dawa ya usingizi tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, naye akafa kwa sababu ya wema wako.

“Umemkuta jirani yenu wodini. Utamwambia mama yako?” La. Hata kwamba jirani amelazwa ni siri yake. Haifai kutajwa nyumbani wala kutumwa kwa simu, na hakuna kupiga picha wodini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za afya ya mtu, na aliyejitolea hasamehewi kwa kuwa halipwi.

Jikinge kabla ya kuingia

Uliza mapema kuhusu chanjo ya hepatitisi B, ugonjwa wa ini unaoenezwa kwa damu. Kwa kawaida hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ukingoja mpaka uitwe, utaingia wodini bila kinga kamili. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pimwa kifua kikuu kwanza, kwa ajili yako na kwa ajili ya wagonjwa ambao miili yao tayari ni dhaifu.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Nawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Usiokote sindano, na usijaribu kuirudishia kifuniko chake. Mwite muuguzi aitie katika sanduku gumu la vyombo vyenye ncha kali.

Ukidungwa na sindano iliyotumika, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kisha toa ripoti papo hapo. Uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa kudungwa ni watu 3 hivi katika kila 1,000, sindano ikiwa na damu ya mtu mwenye virusi hivyo. Hepatitisi B huambukiza kwa urahisi zaidi: kwa asiyechanjwa ni kati ya watu 6 na 30 katika kila 100. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina maana. Kisha humezwa kwa siku 28. Anayeficha kwa kuogopa kufukuzwa hupoteza saa hizo.

Kwa hivyo kabla ya kuanza kazi, uliza swali hili: “Nikidungwa na sindano, nitamwona nani, na nani atagharamia matibabu?” Hospitali isiyo na jibu haijawa tayari kukupokea.

Jua mipaka yako

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Wodi ikijaa na wafanyakazi wakiwa wachache, mtu atakuambia: “Wewe si unataka kuwa daktari? Mdunge huyu.” Kataa kwa heshima. Sema: “Samahani, sijafunzwa na siruhusiwi, lakini naweza kukuletea vifaa.” Mgonjwa akidhurika, aliyekutuma huenda asikumbuke kwamba alikutuma. Kudunga sindano, kutoa dawa, kufungua vidonda na kusoma matokeo ya maabara ni kazi ya waliofunzwa na kusajiliwa.

Vilevile, wagonjwa watakuita daktari kwa kuwa wamekuona na koti jeupe au umeshika faili. Warekebishe kila mara. Mtu akidhani wewe ni daktari, atakueleza maumivu yake kisha atulie akiamini ameshaonwa, kumbe bado. Ukisikia habari ya namna hiyo, mpelekee muuguzi wakati ule ule.

Ukikosa nafasi

Usikate tamaa wala usingoje hospitali kubwa pekee. Zahanati ya mtaani, hospitali za misheni na makao ya wazee huhitaji mikono. Kenya Red Cross, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965, na St John Ambulance hufunza huduma ya kwanza. Cheti hicho kitaipa nguvu barua yako ijayo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kusukuma machela, kumshika mzee mkono hadi chumba cha eksirei, kuketi na mtoto ambaye mama yake yuko dirisha la dawa: hayo ndiyo utakayopewa, na ndani ya miezi mitatu utakuwa na jibu lako. Ikiwa bado unaamka asubuhi ukitaka kurudi, jaza fomu yako ya chuo bila wasiwasi. Ikiwa hutaki, zungumza na wazazi mapema, kabla karo haijalipwa.