Je, tuibariki dawa ya kurudisha ujana?



Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa parokiani kwetu, mwalimu mstaafu, alinifuata sakristia akiwa na mfuko wa karatasi. Waamini huleta vitu vingi vya kubarikiwa: rozari, picha, funguo za pikipiki mpya, ndoo ya maji. Yeye alitoa vichupa vidogo vya kioo vyenye unga mweupe. "Baba, naomba unibarikie hizi. Ni dawa ya kuzuia uzee, ya kujichoma sindano. Binti yangu amenitumia kutoka Marekani."

Nilivaa miwani nikasoma lebo. Chini ya jina la herufi na tarakimu, kama namba ya gari, kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yenye maana hii: kwa ajili ya utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Nakiri kwamba kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandaa mahubiri juu ya ubatili wa kutafuta ujana. Nikamuuliza kwanza kwa nini anaitaka. Akasema, "Baba, nina miaka 68. Nina wajukuu watatu nyumbani, mdogo yuko darasa la pili. Nikianguka mimi, nani atawamalizia shule?" Mahubiri yangu yakaishia hapo. Kisha akaongeza kwamba ameanza kupunguza vidonge vyake vya kisukari, ili mwili uwe tayari kupokea dawa mpya. Hapo nikaogopa kweli.

Ndugu msomaji, tulipime pamoja jambo hili, maana halitaishia kwa mama yule.

Dawa hizi zinaitwa peptidi. Protini za miili yetu zimeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vilivyoungana kama punje za rozari. Mnyororo ukiwa mfupi, huitwa peptidi. Hapo hakuna uchawi wala utapeli. Oksitosini, ambayo wakunga huwachoma akina mama wanapojifungua ili wasitokwe damu nyingi, ni peptidi. Insulini nayo ni ya jamii hiyo. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa anakufa kwa kisukari. Sindano ya kwanza ya insulini haikumfaa, maana dawa haikuwa safi. Watafiti wakarudi maabara, wakaisafisha, wakamchoma tena baada ya siku 12. Akaishi miaka mingine 13. Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, na mtu mwenye akili hazidharau.

Basi hatuulizi kama peptidi ni nzuri au mbaya. Tunauliza: peptidi hii, kwa kazi hii, kwa mtu huyu, imethibitishwa?

Mwaka 1990 Daktari Daniel Rudman na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya wanaume 21 wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kati yao, 12 walichomwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Mafuta yao yakapungua, misuli ikaongezeka. Habari ikakimbia kuliko utafiti wenyewe, na watu wakatangaziwa kuwa uzee umepata dawa. Waliofuata walipima watu wengi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba misuli iliongezeka kweli, lakini nguvu hazikulingana nayo. Tena baadhi yao walivimba, wakaumwa viungo, na sukari ikapanda. Mwaka 2007 wataalamu walizipitia tafiti zilizokuwapo wakahitimisha kwamba homoni hiyo haiwezi kupendekezwa kama tiba ya uzee.

Peptidi ya mama yule ni ya jamii inayoisukuma tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni hiyohiyo. Ndugu yake mmoja, tesamorelini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010, lakini kwa kazi moja tu: kupunguza mafuta ya tumboni kwa baadhi ya watu wanaoishi na VVU. Nyingine inayosifiwa sana, BPC-157, ushahidi wake mwingi umetoka kwa panya. Panya akipona, bado hatujajua kama bibi atapona. Marekani haijaiidhinisha kwa ugonjwa wowote, na wanamichezo wamekatazwa kuitumia tangu mwaka 2022.

Upande wa usalama, fikiria mambo mawili. Kwanza, kichupa kisichopita kwa mkaguzi yeyote huwezi kujua kina nini, kiasi gani, wala kama ni safi. Pili, kinachochochea ukuaji kinaweza pia kuchochea kisichotakiwa kukua, ndiyo maana madaktari wana hofu kuhusu saratani. Julai 2025, mjini Las Vegas, wanawake wawili walikimbizwa hospitalini wakiwa mahututi baada ya kuchomwa peptidi kwenye mkutano wa wanaotafuta kurefusha maisha.

Kanisa linasemaje? Katekisimu (namba 2288 na 2289) inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tuliyokabidhiwa tuitunze, lakini mwili usigeuzwe kuwa mungu. Namba 2295 inakataa majaribio yanayomweka mtu katika hatari isiyolingana na faida au inayoweza kuepukwa. Anayejichoma dawa ya majaribio nyumbani kwake yuko ndani ya jaribio lisilo na daktari, lisilo na anayeandika matokeo, na asiyekuwepo wa kusema "acha".

Mkumbuke mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 (Mk 5:25-34). Marko anasema aliteswa na waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Yesu hakumlaumu kwa kutaka kupona. Alimwita binti. Nami nisingethubutu kumlaumu bibi anayetaka kuwaona wajukuu wakimaliza shule. Lawama ni ya muuzaji aliyeandika ukweli kwa herufi ndogo na uongo kwa herufi kubwa.

Mtume Paulo anatuagiza kuyapima yote na kulishika lililo jema (1Thes 5:21). Basi kabla hujanunua, uliza: Imepimwa kwa watu au kwa wanyama? Watu wangapi, kwa muda gani? Imeidhinishwa na nani, kwa ugonjwa upi? Daktari anayekutibu anajua? Na anayekushauri, anapata fedha ukinunua? Baraka ya padri si muhuri wa usalama wa dawa. Hapa nchini kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Sikuvibariki vile vichupa. Nilimwekea mama mikono, nikambariki yeye. Kesho yake alikwenda kliniki na jirani wa jumuiya yake, akiwa amebeba vichupa na vidonge. Daktari akamrudisha kwenye dozi yake na kumwambia avisahau vile vichupa. Akamsisitizia mambo yasiyotangazwa na mtu: vidonge kila siku, kupima presha, kutembea, kulala vya kutosha.

Lakini kuna jambo linaloniuma hadi leo. Jumuiya yake husali pamoja kila Jumamosi, na hakuna aliyejua hofu yake. Mimi paroko wake sikujua. Sasa wanajumuiya wamekaa naye kupanga nani atasimamia watoto wale siku akiugua, na binti yake ameahidi kwamba fedha ya vichupa itakuwa ada.

Wiki hii, mtafute mzee mmoja wa jumuiya yako umuulize anaogopa nini. Paulo anatuambia mwili wa nje unachakaa, lakini wa ndani unafanywa upya siku kwa siku (2Kor 4:16). Kuchakaa huko kusimkute mtu akiwa peke yake.

Nakutakia Dominika njema.