Klima ya Gari Inachoka Wakati wa Jua Kali: Tuanze Kutazama Wapi?



Wengi walituuliza sababu gani gazeti letu lilichelewa. Jibu ni fupi: feza ya karatasi na wino ilinunua gazi. Si gazi ya kupikia, ni ile inayotiwa katika klima, ni kusema mashini inayoleta baridi ndani ya gari. Na hiyo gazi haikusaidia kitu. Sisi makapita wa darasa la mwisho tumeona ni vema kueleza jambo hili, maana kati yenu kuko watakaokuwa mashofere na mafundi, na sisi wote tunapanda ile jipu ya masomo siku ya ugonjwa.

Mwezi wa pili tulikuwa tunarudi kutoka Kalima, ambako timu yetu ilienda kucheza mpira. Njiani mwenzetu mmoja alishikwa na homa kali. Tulipofika Alunguli, baki ilikuwa ng'ambo ya Kasuku, na magari mengine yalikuwa mbele yetu. Tulingoja karibu masaa mawili katika jua la mchana. Klima, ambayo njiani ilipuliza baridi nzuri, ikaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, kisha joto kabisa. Tulifungua vioo, lakini upepo hakuna hata kidogo. Mgonjwa akaanza kutapika. (Jioni alifika hospitali, akapona, na leo anasoma ukurasa huu kama ninyi.)

Sasa, fundi alikuwa ametia gazi juma moja tu mbele ya safari ile. Tuliporudi akasema tena: "Gazi imeisha, Papa, tutie ingine." Ikatiwa, na feza yetu ikaenda. Siku tatu nyuma yake, saa saba ya mchana, mambo yakawa yale yale.

Lakini Papa Shofere alikuwa amesema neno moja tangu mwanzo, na hakuna aliyemsikiliza: "Gari ikitembea, baridi iko. Gari ikisimama, baridi inakimbia." Neno hilo lilikuwa jibu lote. Ni mwalimu wetu wa fizike aliyelisikia vizuri.

Kwanza tujue kwamba klima haitengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba joto: inalichukua ndani ya gari na kulitupa inje. Mbebaji ni gazi yenyewe, na inazunguka bila kutoka. Kompresere, inayovutwa na mkanda wa motere, inaisukuma kwa nguvu hata inapata moto. Kisha gazi inapita katika kondensere, ile inayofanana na radiatere na inayokaa mbele kabisa ya gari, nyuma ya kalandre. Hapo inaacha joto lake kwa hewa ya inje na kugeuka maji. Yale maji yanapitishwa katika tundu nyembamba sana, kusukumwa kunapungua kwa ghafula, nayo yanachemka tena katika evaporatere iliyo chini ya tablo. Kuchemka kunataka joto, na joto linalopatikana hapo ni lile la hewa tunayoketi ndani yake. Msishangae kusikia kwamba kitu kinachemka katika baridi: gazi ya magari mengi, inayoitwa R134a, ikiachwa katika hewa ya kawaida inachemka kwa digri 26 chini ya sufuri.

Tutazame hasa ile kondensere, maana ndiko kesi yetu ilikolala. Joto linatoka kwa kitu cha moto kwenda kwa kitu chenye moto kidogo, halirudi nyuma lenyewe. Gazi ndani ya kondensere inafika karibu digri 50 hadi 60. Asubuhi, hewa ikiwa digri 22, tofauti ni kubwa na joto linatoka mbio. Mchana hewa ni digri 32 kivulini, na mbele ya gari iliyosimama juani, karibu na motere inayowaka, inapita hapo. Tofauti inapungua. Basi kila kizuizi kidogo ambacho asubuhi hakikuonekana, mchana kinakuwa ugonjwa. Ndiyo sababu watu wanasema "klima inaogopa jua". Haiogopi jua, imekosa mahali pa kutupa mzigo.

Na gari ikitembea, mwendo wenyewe unaingiza upepo mbele. Ikisimama, hewa inaletwa na vantilatere peke yake. Katika jipu yetu vantilatere inazungushwa na motere, kwa hiyo motere ikienda polepole, nayo inazunguka polepole, na kompresere vilevile. Katika magari mengine vantilatere ni ya umeme, na inapashwa kuwaka mara klima inapowashwa. Isipowaka, mtu atafute fizibo au waya mbele ya kutafuta gazi.

Kama gazi ingekuwa imepungua sana, baridi ingekosa njiani vilevile, si kwenye baki tu. Hapo ndipo fundi wetu alipotea.

Mwalimu alituma mmoja wetu kuleta termometre ya laboratuari. Tuliiweka katika tundu la hewa, gari imesimama, motere inawaka: digri 21. Kisha akachukua ndoo ya maji safi na kuimwaga polepole juu ya kondensere. Baada ya dakika chache termometre ilishuka hadi 14, kisha maji yalipokauka ikapanda tena. Ni kusema gazi ilikuwapo na kompresere ilikuwa nzima. Joto tu lilikosa njia ya kutoka. Tulifikiri juu ya siku ile ya Alunguli. Mto Lualaba mzima ulikuwa mbele yetu, na ndoo ilikuwa ndani ya gari!

Tulipoondoa kalandre tuliona matope mekundu ya njia ya Kalima yamekauka kati ya majani membamba ya chuma, pamoja na mbegu za majani na vipepeo wengi. Mbele hayakuonekana sana. Mengi yalikuwa nyuma, kati ya kondensere na radiatere, mahali ambapo mkono hauingii. Tuliosha motere ikiwa imepoa, kwa maji ya kumwaga na brosi laini, tukianzia upande wa motere ili takataka zirudi zilikotoka. Musitumie maji ya nguvu nyingi: yale majani yanalala, na yakilala hewa haipiti tena. Kazi ilichukua mchana mmoja na sabuni kidogo. Kesho yake, saa saba, jua lile lile, gari imesimama: digri 12.

Pengine mtu atasema, 12 si baridi ya kutosha, friji inafanya 4. Lakini hapa Kindu hewa ina maji mengi. Sehemu ya nguvu ya klima inatumika kugeuza mvuke kuwa matone, na ndiyo yale maji yanayodondoka chini ya gari. Shofere akiyaona asiogope. Aogope zaidi yakidondoka ndani, juu ya miguu ya abiria, maana hapo mrija wa kuyatoa umezibwa.

Kuna mambo mengine ya kupima, nayo hayataki feza. Gari iliyolala juani ifunguliwe milango kwanza na itembee kidogo vioo vikiwa wazi, ili ile hewa ya moto itoke. Kisha vioo vifungwe na kifungo cha hewa kiwekwe kwenye hewa ya ndani, klima ifanye kazi juu ya hewa iliyokwisha kupoa. Kama upepo unaotoka ni baridi lakini ni kidogo, mtazame filtre ya hewa, kama gari inayo. Vumbi la kwetu linaiziba mapema. Na mkanda ukilia au kuteleza, kompresere haizunguki sawasawa. Musiingize mkono hapo motere ikiwaka.

Tusidharau ule mkanda. Kampuni Packard ya Marekani ilianza kuuza magari yenye klima ya kiwanda mwaka 1939, na kompresere yao ilikosa kifungo cha kuizima. Aliyechoka na baridi alisimamisha gari, akazima motere, akafungua mbele na kutoa mkanda kwa mikono. Tulicheka sana darasani, kisha tukakumbuka kwamba sisi wenye kifungo tulikaa masaa mawili katika joto.

Juu ya gazi tunataka kusema neno la mwisho, kwa sababu ndiyo iliyotugharimu. Gazi haitumiki kama mazutu. Inazunguka tu, na ikipungua ni kwamba imepita mahali: polepole katika mipira na viungo, au mbio katika tundu. Gazi inatembea pamoja na mafuta kidogo, kwa hiyo mahali panapovuja mara nyingi pana alama ya mafuta iliyoshika vumbi. Fundi anayetia gazi bila kutafuta alama hiyo, na bila kuweka manometre, anatia kwa kubahatisha. Ikizidi ni mbaya vilevile: kondensere inajaa, kusukumwa kunapanda, baridi inapungua, na kompresere inaweza kufa.

Tena haifai kuiachilia hewani. Gazi ya zamani, R12, iliharibu ozoni, na mataifa yalipatana huko Montreal mwaka 1987 kuiondoa polepole. R134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake inazuia joto la dunia kupita kilo elfu moja za hewa ya moshi wa makala. Ni kwa jirani zetu, mjini Kigali, mwaka 2016, mataifa yalipatana kupunguza na hizo za namna yake. Na mwanafunzi asiguse valvu kwa kucheza: ile gazi ikitoka inaunguza ngozi na macho kwa baridi.

Sasa ndoo na brosi vinakaa nyuma ya kiti cha jipu, na kila gari inaporudi kutoka njia ya matope, wawili wa darasa letu wanaangalia mbele ya radiatere pamoja na Papa Shofere. Juu ya feza ya karatasi, Papa Prefe ametuomba tungoje mwisho wa trimestre. Ndiyo sababu namba hii ina kurasa sita tu.