Kidole Kwanza, Sikio Baadaye

Mwaka 1896 daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, alieleza namna ya kupima presha kwa mkanda: aliufunga juu ya kiwiko, akaujaza upepo, huku kidole kikiwa kwenye kifundo cha mkono kungoja mapigo yapotee. Sikio halikuhusika. Stetoskopu iliongezwa mwaka 1905 na Nikolai Korotkoff, daktari wa upasuaji wa Urusi. Tangu hapo wapimaji wengi hulikimbilia sikio na kukiacha kidole, nami naona hilo ni kosa.

Mkanda uliojaa huubana mshipa damu isipite, na sikio husikia kimya. Upepo ukitolewa taratibu, damu hupenya kwa kishindo: pigo la kwanza ndiyo namba ya juu, na zinapopotea sauti zote ndiyo namba ya chini. Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya watu, hasa wazee wenye presha ya siku nyingi, sauti huanza, hukatika, kisha hurudi. Tuseme presha ni 190 na sauti zimekatika kati ya 170 na 150. Mpimaji aliyejaza hadi 160 tu atasikia pigo la kwanza kwenye 150, na mgonjwa atarudi nyumbani na namba pungufu kwa 40. Kidole hakipitiwi na kimya hicho. Mapigo ya kifundo yakishapotea, ongeza 30, ndipo ushushe kwa 2 au 3 kila sekunde ukisikiliza.

Mkanda nao uenee. Ule wa Riva-Rocci ulikuwa na upana wa sentimita 5 hivi, mwembamba mno, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mfuko wake wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, nao mkono uegemezwe usawa wa moyo.

Mgonjwa apumzike dakika 5, miguu ikiwa chini, kibofu kikiwa kitupu. Asizungumze. Kwetu salamu ni ndefu, basi ziishe kabla. Kuulizana habari za watoto huku mkanda umejaa kunatosha kupandisha presha.

Kipimo cha mshale huwa na alama kila baada ya 2. Kadi ya kliniki yenye 120/80, 130/80, 140/90 mwezi baada ya mwezi, zote zikiishia na sifuri, inaonyesha mpimaji anayekadiria.