Permi na mpaka wa Rusizi

Kuvuka Mto Rusizi kutoka Kamembe, Rwanda, kwenda Bukavu, Kongo, ni jambo moja. Kuendesha gari baada ya kuvuka ni jambo lingine. Jeto, yaani kibali cha kuvukia, humruhusu mkazi wa mpakani kupita, nazo karatasi za forodha hulipitisha gari. Haki ya kushika usukani hutoka kwenye leseni, yaani permi, na uhalali wake hupimwa kwa sheria ya nchi ambako gari linatembea.

Rwanda na Kongo zote zimo katika Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani. Chini yake, mgeni aliyetimiza miaka 18 mwenye leseni halali hafanyishwi mtihani upya, ingawa nchi inaweza kumdai leseni ya kimataifa. Hiyo hudumu mwaka mmoja, na haitumiki katika nchi iliyoitoa.

Makosa ya leseni hayalingani. Aliyeisahau nyumbani ana kitu cha kuonyesha kesho. Aliyeacha ikaisha muda hana, na asiyewahi kufaulu mtihani yuko pabaya zaidi. Linalowanasa hata madereva wazoefu ni kategoria. Mtu mwenye B, ya magari madogo, akipakia saruji kwenye lori pale kiwanda cha CIMERWA, Bugarama, huyo kwa lori hilo hana leseni, hata awe ameendesha miaka ishirini. Provizwari, leseni ya muda, nayo ni ya kujifunzia: Mkataba wa Vienna wa 1968, nao wa usafiri wa barabarani, ambao Kongo imejiunga nao, haulazimishi nchi yoyote kuitambua ya jirani.

Mgeni akitenda kosa ambalo kwa sheria ya huko humnyang'anya dereva leseni, Mkataba wa Geneva unaruhusu permi yake izuiliwe hadi adhabu iishe au mwenyewe aondoke nchini, lolote litakalotangulia. Kuzuiwa huko kunaweza kuandikwa kwenye leseni yenyewe, na nchi iliyoitoa ikapelekewa jina na anwani ya dereva.

Faini, kwa kweli, ndiyo sehemu nyepesi; mzigo mkubwa huja ajali inapotokea. Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayovuka mipaka, ipo kwa ajili ya watu wanaoumizwa au kuharibiwa mali na gari la mgeni. Dereva akigundulika hakuwa na leseni halali, kampuni ya bima inaweza kumfuata mteja wake irudishiwe ilicholipa.