VIBANO VILIVYOKWAMA MOMBASA



Mkata miwa anajua jambo ambalo wakubwa wengi wa ofisini hulisahau: muwa uliokatwa usipopata trekta mapema, sukari yake hupungua. Mchuma chai naye anajua kuwa majani mabichi yakichelewa kufika kiwandani ni hasara. Sisi tunaoratibu ugavi katika umeme wa jua tuko katika kazi iyo hiyo, ila safari ya mzigo wetu ni ndefu zaidi. Paneli nyingi za sola duniani hutengenezwa China. Huvuka bahari hadi Mombasa, kisha hubebwa kwa lori kilomita karibu 1,200 hadi Kampala, na nyingine huendelea hadi vijijini.

KAZI YENYEWE

Mratibu wa ugavi huhesabu siku kwa kurudi nyuma. Akiambiwa paneli zifungwe tarehe fulani, hujiuliza: lori liondoke Mombasa lini? Meli ing'oe nanga lini? Kiwanda kipewe oda lini? Tena vitu havina budi kufika kwa zamu. Kwanza nguzo na fremu, kisha paneli, nyaya, inveta na transfoma. Paneli zikitangulia fremu, hulala nje na kuvunjika. Fremu zikichelewa, mafundi hukaa bure.

Halafu kuna karatasi. Tangu mwaka 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa mzigo uendao Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado bandarini. Jambo hili limepunguza foleni za malori pale Malaba. Lakini maana yake pia ni kwamba kosa dogo la karatasi huuzuia mzigo Mombasa, mbali na macho ya wanaousubiri.

Mfano mkubwa uko kwa jirani zetu wa Kenya. Katika mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ilipelekwa katika nchi kame ya kaskazini. Kabla ya kuipeleka ilibidi barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis itengenezwe kwanza. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya kwenda Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika. Upepo ulivuma, na umeme haukuingia katika gridi ya taifa hadi mwaka 2018. Kiungo kimoja kilipokosekana, vyote vilisimama.

NANI HULIPA UCHELEWESHAJI?

Hapa ndipo tunapotaka kusema la moyoni. Katika mradi mmoja tuliofanya kazi, fremu zilifika, paneli zikafika. Vibano vya kushikia paneli havikufika. Namba iliyoandikwa katika orodha ya vifurushi haikulingana na ile ya ankara, na sanduku likazuiwa bandarini. Ni sanduku ambalo watu wawili wangeweza kulibeba.

Lilikaa siku tisa. Mwenye kontena alidai malipo yake kwa kila siku ya kuchelewa, akalipwa. Mwenye kreni alidai, akalipwa. Sisi wa ofisini tulipokea mshahara wetu wa mwezi kamili. Vibarua waliokuwa wakisubiri langoni tangu alfajiri waliambiwa, "Leo hakuna kazi, njooni kesho." Siku tisa hawakupata kitu. Mmoja wao alitujia akauliza: "Ninyi ndio mnaojua mzigo uko wapi. Mbona hamkutuambia tubaki mashambani kwetu?" Hatukuwa na jibu.

Tulirudi ofisini tukafungua majalada. Tukaona kwamba oda ya vibano ilicheleweshwa na mwajiri kwa majuma kadhaa ili apate bei nafuu, na karatasi zikaandikwa kwa haraka. Tukampa mwakilishi wa wafanyakazi tarehe zote, moja baada ya nyingine. Mwajiri alikuwa amezoea kusema kuchelewa ni kazi ya Mungu. Mbele ya tarehe zile hakuweza kusema hivyo tena. Baada ya mabishano alikubali kulipa nusu ya ujira wa siku zile. Si haki kamili. Lakini katika mkataba uliofuata kiliingia kifungu kwamba siku ya kusubiri mzigo ni siku ya kazi, na kwamba habari za mzigo zibandikwe langoni kila Jumatatu.

FUNZO KWETU SOTE

Ndugu zetu wa viwandani, msidhani habari hii haiwahusu. Mashine inaposimama kwa kukosa kipuri au malighafi, ulizeni: oda ilitolewa lini, na nani aliichelewesha? Karani wa ugavi anajua. Msimwone kuwa mtu wa mwajiri, mwalikeni chamani.

Nasi makarani wenzetu tuseme kweli: kalamu yetu inaweza kumnyima mtu chakula cha jioni. Basi tuandike kwa uangalifu, tutunze tarehe, na tusiwafiche wenzetu habari za mzigo. Umeme wa jua unasifiwa kuwa ni safi. Usafi wake na uanzie kwa yule anayekaza bolti, alipwe siku anayokaza na siku anayosubiri.

Umoja ni nguvu.