Nuru Nyuma ya Tela: Elimu ya Umeme Katika Taa za Kurudi Nyuma

Mavuno yanapokomaa katika Nyanda za Juu Kusini, kazi ya kupakia haingoji mapambazuko. Nyanya za Ilula, viazi vya Rungwe, mpunga wa Mbarali na mbao za Mafinga aghalabu hupakiwa usiku, ili gari lishike mapema barabara kuu iendayo Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 500 hivi kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Uwanja wa kupakia mara nyingi hauna taa. Kuna tochi ya utingo, kuna matope na magunia, na kuna watu wanaopita huku na huku. Dereva anatia gia ya kurudi nyuma. Taa mbili nyeupe za pikapu yake zinawaka, lakini nuru yake inagonga ubao wa mbele wa tela na kuishia hapo. Nyuma ya tela, mahali aliposimama utingo akielekeza kwa mkono, ni giza tupu.

Giza hilo si jambo dogo. Gari lenye tela likirudi nyuma halitii usukani kama gari lisilo na tela: usukani ukizungushwa kulia, tela huanza kuelekea kushoto, na kosa dogo la mwanzo hukua upesi mpaka tela likunjane na gari. Dereva anayesahihisha kosa hilo bila kuona aendako anahatarisha maisha ya mtu yule yule anayemsaidia. Ndiyo maana wenye matela wengi huomba mafundi wawaongezee taa za nyuma. Ombi ni la busara. Namna ya kulitimiza, hata hivyo, ndiyo inayotofautisha fundi mwenye elimu na fundi wa kubahatisha.

Shaba iliyopita barabarani

Matela yana historia ndefu katika nyanda hizi. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupata mafuta. Malori yenye matela yakaanza kupita Iringa na Mbeya, yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba, katika barabara ya vumbi na utelezi iliyopata sifa mbaya ya kuwa njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara ikatiwa lami, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Shaba hiyo iliyobebwa na matela ndiyo madini yanayotengenezwa nyaya za umeme wa magari. Miongoni mwa metali zote, ni fedha peke yake inayoipita shaba kwa kupitisha umeme. Lakini hata shaba haipitishi umeme bure. Mwaka 1827 mwanasayansi wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huikariri: volti ni sawa na mkondo, kwa ampea, mara ukinzani, kwa omu. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua kama utingo ataonekana au hataonekana.

Hesabu ya fundi

Ichukuliwe pikapu yenye betri ya volti 12. Taa zake mbili za kurudi nyuma ni za wati 21 kila moja. Mkondo hupatikana kwa kugawanya wati kwa volti: 42 kwa 12 ni ampea 3.5. Mkondo huo hupita katika swichi ndogo iliyofungwa kwenye giaboksi, ambayo hujifunga yenyewe gia ya kurudi nyuma inapoingia. Fyuzi inayoilinda njia hiyo ichukuliwe kuwa ya ampea 10.

Sasa fundi anafunga nyuma ya tela taa mbili za wati 55. Hizo peke yake zinataka wati 110, yaani ampea 9.2 hivi. Akiziunganisha moja kwa moja na waya wa taa za zamani, swichi na fyuzi vitabebeshwa ampea 12.7. Fyuzi itakatika, na itakuwa imefanya kazi yake.

Hapo ndipo hatari huanza. Wapo wanaoifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na taa zikawaka. Lakini fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya taa. Iliwekwa kwa ajili ya waya. Siku ganda la waya litakapochubuka penye ndoano ya tela, palipo na msuguano wakati wote, shaba itagusa chuma cha gari. Betri inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo mmoja, na waya mwembamba utakuwa mwekundu kama kaa la moto. Kama tela limebeba mbao kavu au magunia, hasara haitakuwa ya waya tu.

Volti zinazopotea njiani

Kosa la pili halitoi moshi, na kwa hiyo ni gumu kutambulika. Waya wa shaba wenye urefu wa meta 1 na unene wa milimeta ya mraba 1 una ukinzani wa omu 0.017. Kutoka betri mpaka mkia wa tela ni meta 10 hivi, na mkondo hauna budi kurudi, basi safari nzima ni meta 20. Ukinzani wake ni omu 0.34. Ampea 9.2 zikipita humo, kwa kanuni ya Ohm, volti 3.1 zitapotea njiani. Kwa kuwa taa iliyopungukiwa volti huvuta mkondo mdogo zaidi, upotevu halisi utashuka kidogo, na taa itapata volti 9.3 hivi badala ya 12.

Mtu anaweza kudhani kwamba taa itabaki na zaidi ya robo tatu ya nuru yake. Sivyo. Nuru ya taa ya waya wa tungsteni hushuka kwa kasi kuliko volti zake, na katika hali hii itasalia chini ya nusu. Mwenye tela amenunua wati 110, lakini nyuma yake mnaonekana wekundu hafifu. Waya wa milimeta za mraba 4 ungepunguza ukinzani mara nne. Upotevu ungekuwa chini ya volti 1, na takriban asilimia 80 ya nuru ingefika inakotakiwa.

Kwa malori yenye mfumo wa volti 24 mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu wati zile zile huhitaji nusu ya mkondo. Lakini taa ya volti 12 isifungwe kamwe katika mfumo huo, kwani itaungua mara moja.

Rilei: mkono mdogo unaofungua mlango mkubwa

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme huyumbisha sindano ya dira. Kutokana na ugunduzi huo kilizaliwa chombo kiitwacho rilei. Ndani yake mna koili, ambayo ikipata mkondo mdogo huwa sumaku, na sumaku hiyo huvuta kipande cha chuma kinachofunga njia ya mkondo mkubwa. Koili ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 80 huvuta ampea 0.15 tu.

Ufungaji ulio sahihi hufuata njia hii. Waya mnene hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa karibu sana na betri, kisha huingia kwenye mguu wa rilei wenye namba 30. Mguu wenye namba 87 hupeleka umeme kwenye taa za tela. Miguu 85 na 86 ni ya koili: mmoja huunganishwa na waya wa taa za zamani za kurudi nyuma, na wa pili na ncha hasi. Hivyo swichi ya giaboksi huongezewa mzigo mdogo mno, na taa mpya hupata chakula chake moja kwa moja kutoka betri.

Waya wa kurudisha mkondo usisahauliwe. Wengine huutegemea mpira wa ndoano, ambao umejaa grisi, kutu na vumbi. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitisha ampea 9, hutoa joto la wati 8; hilo linatosha kuharibu ganda la waya siku baada ya siku. Tena, njia hiyo ikikatika, umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Dereva anayekanyaga breki na kuona taa za pembeni za tela zikiwaka kwa ufifi asilaumu balbu. Na aanze kwa kuukagua waya huo.

Plagi nayo ina mipaka yake. Plagi ya kawaida ya miguu 7 ya volti 12 haina mguu uliotengwa kwa taa za kurudi nyuma. Plagi ya miguu 13 inao, nao ni mguu wa 8. Mwenye plagi ndogo hana budi kuongeza plagi ya pili.

Nuru na ukungu

Katika miinuko ya Mufindi na Rungwe, ukungu huweza kufunika barabara asubuhi nzima. Matone yake huirudisha nuru machoni pa dereva, na kuongeza wati huongeza weupe tu. Dawa ni kufunga taa chini kiasi na kuielekeza ardhini, ili nuru ipite chini ya mstari wa macho.

Hali kadhalika, taa hizi ziwake gia ya kurudi nyuma inapoingia tu. Taa nyeupe iliyosahauliwa ikiwaka nyuma ya tela barabarani humdanganya anayefuata. Atadhani gari linakuja mbele yake. Katika mteremko wa Kitonga, udanganyifu wa namna hiyo unaweza kuua.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha haya yote bila gari. Achukue betri mbili kavu za volti 1.5, balbu ya tochi, na meta 20 za waya wa chuma wa kufungia nondo. Wanafunzi waiwashe balbu kwanza kwa nyaya fupi, kisha kwa waya wa chuma uliotandazwa meta 10 kwenda na meta 10 kurudi, bila sehemu zake kugusana. Balbu itafifia. Waongeze balbu ya pili sambamba na ya kwanza. Zote mbili zitafifia zaidi. Mwisho waya wa chuma ufanywe wa nyuzi mbili badala ya moja, na nuru itapanda tena. Wapime volti penye betri na penye balbu, na watafute wenyewe zilikopotea.

Mwanafunzi aliyeiona balbu hiyo ikififia hatahitaji kukariri kanuni ya Ohm. Na siku atakapokuwa fundi mjini Makambako au Mbalizi, ataukata waya mnene, ataweka fyuzi mahali pake, na utingo aliyesimama nyuma ya tela usiku ataonekana.